Mada ya 7: Kisukari cha aina ya kwanza na mambo yanayoamua namna kijana anavyojitunza

Katika mada iliyopita tulieleza jinsi mwili unavyodhibiti kiwango cha glukosi katika damu. Mada hii inaanzia hapo hapo, ila inauliza swali jingine: inakuwaje mtu anapolazimika kuifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa mkono wake, kila siku ya Mungu, naye ana umri kama wako?

Watahiniwa wengi huiruka mada hii wakidhani ni ya madaktari. Usiiruke. Kisukari kinaweza kuulizwa ndani ya homoni, ndani ya vimeng'enya, ndani ya kazi za figo, na ndani ya afya ya jamii. Ukikielewa kisukari umepitia robo ya silabasi bila kujua. Mtihani wako wa Biolojia utaujibu kwa Kiingereza, lakini jambo usiloweza kumweleza bibi yako kwa Kiswahili hutaweza kumweleza mtahini kwa lugha yoyote.

Mifano mingi humu nimeiweka Kinjumbi, wilayani Kilwa, kwa sababu ndiyo mazingira ninayofundisha. Kama unasoma Kigoma au Mbulu, badilisha majina ya sehemu na vyakula.

7.1 Mambo ya kukumbuka kwanza

Kongosho lina vikundi vya seli vinavyoitwa visiwa vya Langerhans. Ndani yake seli beta hutengeneza insulini, na seli alfa hutengeneza glukagoni. Insulini huwezesha glukosi kuingia katika seli za misuli na mafuta, na huliamuru ini kuhifadhi ziada kama glaikojeni. Glukagoni hufanya kinyume: huliamuru ini kuirudisha glukosi kwenye damu.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupambana na vimelea, huzishambulia seli beta za mwili wenyewe mpaka insulini karibu inakwisha kabisa. Huanza zaidi utotoni na katika ujana, ingawa mtu mzima naye anaweza kuupata. Katika aina ya pili insulini ipo, lakini seli haziitikii vizuri, na hatimaye kongosho huchoka. Aina hii huhusiana zaidi na umri, unene na kutofanya mazoezi, pamoja na urithi.

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mtahiniwa anaandika: "Kisukari cha aina ya kwanza husababishwa na kula sukari nyingi." Ni kosa, na halistahili hata nusu alama. Mtoto wa miaka saba hakujiletea ugonjwa huu kwa pipi, wala mama yake hakumletea kwa chai tamu. Nasisitiza kwa sababu wapo wazazi wanaobebeshwa lawama hiyo na majirani, na lawama ikishaingia nyumbani, ugonjwa huanza kufichwa.

Fuata sasa mnyororo huu hatua kwa hatua, maana swali la "eleza kwa nini" linautaka wote. Insulini haipo, kwa hiyo glukosi inabaki kwenye damu. Ikizidi takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote na nyingine hupita kwenye mkojo. Glukosi hiyo huvuta maji kwa osmosisi, mgonjwa akakojoa sana, na kwa kupoteza maji akapata kiu kali. Wakati huo seli zake zina njaa katikati ya shibe, hivyo mwili unaanza kuchoma mafuta na misuli, na mgonjwa anakonda huku anakula. Mafuta yakichomwa kwa wingi hutoa ketoni, ambazo huifanya damu kuwa na tindikali. Hali hii ndiyo ketoasidosisi: kutapika, tumbo kuuma, pumzi nzito na za haraka, harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi mdomoni, kisha kupoteza fahamu. Asipotibiwa, hufa.

Isome tena orodha hiyo ya dalili kwa jicho la mtu wa Pwani. Kutapika, udhaifu, tumbo, kuhema. Wa kwanza kutuhumiwa ni malaria. Kama hakuna anayepima sukari, mtoto anaweza kutibiwa malaria huku ketoni zinampeleka. Utafiti wa watoto na vijana waliohudhuria kliniki ya kisukari Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wengi wao mara ya kwanza kabisa waligunduliwa wakiwa tayari katika ketoasidosisi.

Swali jingine linalopendwa: kwa nini insulini huchomwa kwa sindano, haimezwi? Kwa sababu ni protini. Ikimezwa, vimeng'enya vya tumbo na utumbo huimeng'enya kama vinavyomeng'enya samaki. Iliyotibu binadamu mara ya kwanza ilitolewa kwenye kongosho za wanyama, baada ya kazi ya Frederick Banting na Charles Best iliyoanza Toronto, Kanada, mwaka 1921 katika maabara ya John Macleod, na James Collip akaisafisha. Januari 1922 alichomwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa anakaribia kufa. Aliishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo, kijana wa umri wake mwenye ugonjwa huu alikuwa anahesabiwa miezi. Tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, ni siku aliyozaliwa Banting.

7.2 Kazi ya kila siku

Ili tuyaelewe mambo yanayoathiri kujitunza, lazima tujue kinachotunzwa. Chukua mwanafunzi wa kidato cha pili, Kinjumbi. Huyu ni wa mfano tu. Anaamka, anapima sukari kwa tone la damu la kidoleni, anavuta insulini kwenye bomba na kujichoma tumboni au pajani, anakula baada ya muda alioelekezwa, anakwenda shule. Jioni anarudia. Akicheza mpira lazima akumbuke kwamba misuli inayofanya kazi hula glukosi, na sukari inaweza kuendelea kushuka saa kadhaa baada ya mchezo. Akiugua homa sukari hupanda, hata kama hajala. Kila mara anabadilisha sehemu ya kuchoma, kwa kuwa kuchoma pale pale hutengeneza vinundu vya mafuta chini ya ngozi, na insulini ikichomwa ndani ya kinundu hufyonzwa ovyo.

Kila baada ya miezi mitatu hivi kliniki humpima HbA1c, yaani sehemu ya himoglobini iliyoshikamana na glukosi. Kwa nini miezi mitatu? Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, basi kipimo hiki husimulia wastani wa wiki nyingi zilizopita, tofauti na kipimo cha kidoleni kinachosema ya sasa hivi tu. Kwa vijana wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Lakini mwenye selimundu chembe zake huishi muda mfupi, kwa hiyo HbA1c yake inaweza kudanganya. Ukiitaja hoja hiyo kwenye jibu lako, mtahini atajua umeunganisha mada mbili.

Je, juhudi zote hizi zina maana? Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangaza matokeo mwaka 1993 uliwafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, waliojiunga wakiwa na umri wa miaka 13 hadi 39. Miongoni mwa walioanza wakiwa na macho mazima, waliodhibiti sukari kwa ukaribu walipunguza hatari ya kuharibika retina kwa asilimia 76 wakilinganishwa na waliotibiwa kwa njia ya kawaida ya siku hizo. Figo na neva nazo zilinusurika zaidi. Bei yake ilikuwa hii: matukio makali ya sukari kushuka yaliongezeka karibu mara tatu. Kumbuka matokeo yote mawili. Kijana anayeogopa kuchoma dozi kamili kwa sababu aliwahi kuzirai hajawa mkaidi. Ana sababu, na sababu hiyo ina jibu: kupima mara nyingi zaidi na kuzungumza na daktari kuhusu dozi.

Hesabu ndogo. Chupa ya insulini ya mililita 10 ina uniti 100 katika kila mililita, yaani uniti 1,000. Kijana anachoma uniti 28 asubuhi na 12 jioni, jumla 40. Chupa itatosha siku 1,000 ÷ 40 = 25. Sasa mdogo wake anachoma uniti 20 kwa siku. Kwa hesabu chupa ingetosha siku 50, lakini chupa iliyokwisha kutobolewa kwa kawaida haitakiwi kuzidi siku 28. Katika siku hizo atakuwa ametumia uniti 560, na uniti 440 zinatakiwa kumwagwa. Mwambie mzazi aliyeinunua kwa pesa za ufuta aimwage, uone uso wake.

7.3 Mambo yanayoathiri namna kijana anavyojitunza

Vitabu vingi huyapanga haya katika makundi: ya mwili, ya mtu mwenyewe, ya familia, ya shule, ya huduma za afya na ya jamii. Ukiulizwa uyapange, yapange hivyo. Maishani hayakai hivyo, yanashikana kama nyuzi za wavu, na jibu zuri huonyesha jinsi moja linavyovuta jingine.

Balehe. Homoni ya ukuaji na homoni za jinsia hupunguza nguvu ya insulini. Kijana wa miaka 14 anaweza kufuata kila agizo na bado sukari ikapanda, akahitaji dozi kubwa kuliko ya mwaka jana. Hata katika ule utafiti wa 1993, waliokuwa vijana wadogo walikuwa na HbA1c ya juu kuliko watu wazima, ingawa walihudumiwa kwa mpango ule ule. Wazazi wasiojua jambo hili humshutumu: "Umekula vitu kwa siri." Akishutumiwa mara mbili tatu kwa kosa asilolifanya, anaacha kupima, au anaandika namba za uongo kwenye daftari lake. Hapo jambo la mwili limegeuka kuwa la familia.

Nafuu ya muda. Hii sijaiona katika vitabu vingi vya kidato cha nne, nami naona ni kati ya hoja muhimu kuliko zote. Mara baada ya kuanza insulini, seli beta chache zilizobaki hupumzika na kufanya kazi tena kwa wiki au miezi kadhaa. Mahitaji ya insulini hushuka, wakati mwingine sana. Mtoto ananenepa, anacheza, sukari ni nzuri. Familia inasema amepona. Kama katika miezi hiyo alikuwa amepelekwa kwa mganga, au amekunywa kombe, au amepewa mizizi ya kuchemsha, sifa zote zinakwenda huko. Insulini inaachwa. Kisha zile seli chache zinakufa nazo, na mtoto anarudi hospitali akihema, au harudi. Hakuna ubishi wa dini hapa. Mtu anaweza kuombewa dua na kuchoma sindano siku hiyo hiyo. Lililo muhimu ni familia kuambiwa mapema, siku ya kwanza kliniki: kitatokea kipindi kizuri, msikiamini, punguzeni dozi kwa maelekezo ya daktari tu na msiache kabisa.

Utunzaji wa insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Isigande kabisa, kwa sababu ikiganda huharibika, na hata ikiyeyuka haifai. Jua nalo huiharibu. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za kijijini hazina friji, na zenye friji umeme unakatika. Unaweza kuweka chupa dukani kwa jirani mwenye friji ya soda, lakini duka likifungwa mapema, sindano ya jioni inakosekana. Halafu mtaa mzima unajua una nini, jambo ambalo si kila msichana analitaka.

Njia inayopendekezwa ni mtungi: chungu kidogo ndani ya kikubwa, kati yake mchanga uliolowa. Maji yanapovukiza huchukua joto, na ndani pakapoa. Hapa unganisha na Fizikia. Uvukizi huwa wa kasi hewa ikiwa kavu, na hupungua hewa ikiwa na unyevu mwingi. Kwa hiyo mtungi ule ule utapoza vizuri zaidi Dodoma wakati wa kiangazi kuliko Kilwa, ambako hewa ya bahari imejaa unyevu. Bado unasaidia kuliko kuiacha insulini chini ya bati mwezi wa Februari, ila usitegemee ufanye kazi ya friji.

Habari njema ilitoka Kenya. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, wagonjwa wasio na friji walilazimika kufika hospitalini kila siku kuchomwa. Madaktari Wasio na Mipaka wakapima joto la nyumba zao, ambalo lilipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wakashirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva kuiweka insulini katika joto la namna hiyo maabara kwa wiki nne. Nguvu yake ilibaki sawa na ya iliyokaa kwenye friji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Hayaruhusu kuiacha dirishani au kwenye mkoba ndani ya basi lililoegeshwa juani. Ila yanamwondolea kijana wa kijijini ile hofu kwamba bila friji hawezi kuishi.

Shule. Vijana wengi nchini hutumia insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya taratibu katika chupa moja, mara mbili kwa siku. Ile ya taratibu hufikia kilele baada ya muda wa saa nne hadi nane hivi. Aliyechoma saa kumi na mbili asubuhi atakuwa kwenye kilele kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Angalia ratiba yako: uji uko saa ngapi? Chakula cha mchana kipo? Siku uji umechelewa, au siku ya kazi za shamba, sukari inashuka akiwa na jembe mkononi. Insulini aliyokwisha kuichoma haiwezi kurudishwa ndani ya chupa. Anayeijua hatari hiyo na hana chakula cha uhakika hupunguza dozi asubuhi ili asizirai, na sukari inabaki juu siku nzima, mwaka mzima.

Ongeza sheria ndogo ndogo: kutokula darasani, kutotoka nje ya darasa hovyo, kutoingia na sindano. Sheria hizo zina sababu zake, lakini mwenye sukari ya juu lazima akojoe, na mwenye sukari ya chini lazima ale sasa hivi. Uongozi ukiwa na habari mapema, mambo haya huisha kwa barua moja. Ukiwa hauna habari, mwanafunzi hunyamaza, akawa mtoro wa siku za kliniki na wa vipindi vya alasiri. Kama mwenye kisukari ni wewe, zungumza na mkuu wa shule wiki kadhaa kabla ya mtihani wa taifa, usingoje asubuhi ile. Karatasi ya saa tatu ni ndefu kwa mtu ambaye sukari inaweza kushuka katikati.

Fedha na umbali. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo katika mpango wa Changing Diabetes in Children ulioanza mwaka 2009, na mpango wa Life for a Child nao umewasaidia watoto wetu. Mipango hii huwapatia insulini na vifaa bila malipo kupitia kliniki maalumu. Nauli ya kufika kliniki ni juu yako. Kutoka Kinjumbi, hospitali ya wilaya ni Kinyonga, Kilwa Kivinje. Ya rufaa ya mkoa ni Sokoine, Lindi mjini. Muhimbili iko Dar es Salaam. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mtu anayesubiri shati jipya husubiri. Anayetegemea insulini hana siku kadhaa za kusubiri. Ndiyo maana akiba ya chupa moja zaidi ya inayotumika ni sehemu ya matibabu, na familia isiyomudu akiba hiyo iko hatarini hata kama kijana wao ana nidhamu ya askari. Stripu za kupimia ndizo huisha kwanza, na asiyepima huchoma kwa kukisia.

Chakula. Hakuna chakula cha wagonjwa wa kisukari peke yao. Muhogo, wali wa nazi, ugali, maandazi na chapati vyote ni wanga na vyote hupandisha sukari. Swali ni kiasi na muda. Samaki, kunde, tembele na mlenda husaidia kupunguza kasi. Tatizo kubwa la kaya nyingi huja pale mlo mmoja unapotakiwa kubeba siku nzima.

Kufunga Ramadhani. Katika kata zetu jambo hili linagusa karibu kila nyumba. Uislamu unamruhusu mgonjwa kutofunga, na wenye kisukari cha aina ya kwanza wamo katika kundi la hatari kubwa. Hata hivyo kijana wa miaka 16 hataki kuonekana anakula mchana wenzake wamefunga, hasa kama wengi hawajui hali yake. Akitaka kufunga, azungumze na daktari na sheikh kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa ratiba na dozi zote hubadilika. Mwongozo wa kimataifa unasema afungue mara moja sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikizidi 16.6. Kumtoboa kidole kwa kupima hakuharibu funga, kwa maelezo ya wanazuoni wengi.

Hisia na watu wengine. Kuchoka na ugonjwa usio na likizo ni jambo la kweli, na sonona huonekana zaidi kwa vijana wenye kisukari kuliko kwa wenzao. Sukari ikishuka kijana hutetemeka, hutoka jasho, huongea maneno yasiyoeleweka, pengine huwa mkali. Huku kwetu wapo watakaosema amelewa na wapo watakaosema amepandwa na shetani. Msichana huambiwa hataolewa wala hatazaa. Wanawake wenye kisukari cha aina ya kwanza huolewa na huzaa, mradi mimba ipangwe na sukari idhibitiwe kabla na wakati wa ujauzito. Kinyume cha yote hayo, rafiki mmoja anayejua la kufanya huongeza ujasiri wa kujichoma shuleni kuliko mabango kumi ukutani.

7.4 Mwenzako akishukiwa na sukari

Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe sukari ya kawaida vijiko vitatu vya chai kwenye maji, au soda nusu glasi, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15. Asipopata nafuu, rudia. Akipata nafuu, ale chakula chenye wanga ili isishuke tena. Usimwache peke yake wala usimtume ofisini atembee mwenyewe.

Kama hana fahamu, usimtie chochote mdomoni, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na mpelekeni kituo cha afya upesi. Usimchome insulini. Watu huchanganya hapa: wanasikia "kisukari", wanaona chupa kwenye begi lake, wanadhani ndiyo dawa ya kila hali. Insulini hushusha sukari ambayo tayari iko chini, na inaweza kumuua.

Akiwa anatapika, anahema kwa nguvu na mdomo unanuka matunda, hiyo ni sukari ya juu yenye ketoni. Ni hospitali moja kwa moja. Mgonjwa asiache insulini kwa sababu tu hali chakula. Dozi inaweza kubadilishwa na daktari, lakini kuiacha kabisa siku za ugonjwa ndiko kunakoleta ketoasidosisi.

7.5 Maswali ya kujipima

1. (a) Kwa nini mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza asiyetibiwa hukojoa sana na hukonda ingawa anakula vizuri? (b) Kwa nini insulini haimezwi?

Mwongozo: katika (a) anza na glukosi kubaki kwenye damu, taja uwezo wa figo, osmosisi, kisha uchomaji wa mafuta na misuli. Ukianza na "kwa sababu ana sukari nyingi" na kuishia hapo, umepata alama ya kwanza tu.

2. Chupa ya mililita 10 yenye uniti 100 kwa mililita inatumiwa na kijana anayechoma uniti 22 asubuhi na 10 jioni. (a) Itatosha siku ngapi kamili? (b) Je, itakwisha kabla ya siku 28?

Mwongozo: jumla ni uniti 32 kwa siku. 1,000 ÷ 32 = 31.25, yaani siku 31 kamili. Haitakwisha, siku ya 28 atakuwa ametumia uniti 896, zikabaki 104.

3. Vijana wawili, mmoja wa Dodoma na mmoja wa Kilwa Masoko, wanatunza insulini kwa mitungi inayofanana. Mtungi upi utapoza zaidi wakati wa kiangazi, na kwa nini?

4. Msichana wa miaka 14 aligunduliwa na kisukari cha aina ya kwanza. Baada ya miezi miwili dozi yake ilipungua na familia ikaamini amepona, wakaacha insulini. Mwezi wa nne alilazwa akiwa hana fahamu. Miaka miwili baadaye, ingawa anachoma kila siku, HbA1c yake iko juu na mzazi anamlaumu kwa kula ovyo. (a) Eleza kilichotokea katika mwezi wa pili na wa nne. (b) Toa sababu mbili za kibiolojia na mbili za kimazingira zinazoweza kupandisha HbA1c yake sasa. (c) Ungemwambia nini mzazi wake?

Mwongozo: katika (b) za kibiolojia ni kama homoni za balehe na kuchoma kwenye vinundu, za kimazingira ni kama insulini iliyoharibiwa na joto, kukosa stripu, au kupunguza dozi kwa hofu ya kuzirai shuleni. Sehemu (c) haina jibu moja. Andika sentensi nne au tano, kwa maneno ambayo kweli ungeweza kuyatamka mbele ya mtu mzima aliyechoka na mwenye hofu.